Daftari la Matanga

Nilikuwa nimefungua cherehani ya mteja, vipande nimevipanga juu ya gazeti kwa mfuatano niliovitolea, Zaina aliponipigia simu kuniambia kaka yake Athumani amefariki. Nilikuwa nimekwisha kusikia. Tangu asubuhi redio ya jirani yangu muuza nazi ilikuwa ikirudia kicheko cha Athumani, kile kicheko cha kuvuta pumzi ndani kwanza kama mtu anayezama kisha kuiachia yote kwa mkupuo, na baada ya kila kicheko mtangazaji alisema kwamba tumempoteza mtu aliyetuchekesha sote. Kila kiliporudiwa niliacha kazi nikasubiri kiishe. Haikuwa huzuni. Nimelitafuta neno sahihi, kwa sababu sipendi maneno ya kukadiria, na neno lenyewe ni kinyaa. "Petro," Zaina aliniambia, "tunazika baada ya adhuhuri. Usagara hapa watu wamejaa, magari hayana pa kusimama. Lakini hakuna mtani hata mmoja! Kaka yangu Mzigua azikwe kimya kama mtu asiye na kwao? Wewe Mnyamwezi, ni mtani wake. Njoo." Nilimwambia nitakuja. Nikarudisha kila kipande mahali pake, nikaijaribu mashine kwa kitambaa, kisha nikafunga kibanda.

Habari za wazazi wangu na jinsi watu wa kwetu walivyofika kwenye mashamba ya mkonge naziacha, hazihitajiki hapa. Kinachohitajika ni mwaka mmoja, na chumba kimoja cha kupanga huko Mabawa, ambamo mimi na Athumani tulikaa tukiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu kila mmoja. Nyumba ilikuwa ya Mzee Lukasi na mkewe Mama Kulwa, Wanyamwezi kama mimi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza moja iliyotegemezwa kwa tofali, na dirisha lililofunguka uani, mahali Mama Kulwa alipopikia chapati na maharage aliyoyauza kwenye dirisha la kijani la upande wa barabara. Ukuta uliotutenga na chumba chao haukufika juu. Uliishia pale mbao za paa zilipoanzia, kwa hiyo tulijua saa wanayolala, sala wanayosali, na nani kati yao amekunywa dawa na nani amesahau. Asubuhi moshi wa mafuta uliingia kwetu na kukaa ndani ya vyandarua, na mpaka leo nikinusa chapati inayogeuzwa kwenye kikaango, ninamwona Athumani ameketi kitandani bila shati, akimwigiza mtu aliyempita barabarani jana yake. Alikuwa akiuza mikanda na pochi mjini. Mimi nilikuwa najifunza ufundi wa cherehani kwa vitabu nilivyovinunua chini, kwenye maturubai ya wauza vitabu chakavu, na katika hivyo vitabu nilikuwa nimejifunza jambo moja nililoliamini kuliko mengine, kwamba kitu kisichoandikwa hupotea.

Kazi yetu ya pamoja ilianzia msibani. Msomaji wa kwetu anajua kwamba Mzigua akifiwa, Mnyamwezi humjia na kejeli, na Mnyamwezi akifiwa, Mzigua huja. Mtani huchimba kaburi, kisha huvaa koti la marehemu, hutembea kama marehemu, humdai mjane chai kwa sauti ya marehemu, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Athumani alikuwa hodari wa hayo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Lakini marehemu wengine hakuwajua. Ndipo nikaingia mimi na daftari. Nilikuwa nawahi msibani, naketi karibu na wazee, nauliza kwa upole, naandika. Nilichora mistari: jina, mwendo, sauti, neno analolirudia, alichopenda, alichoogopa. Athumani alisoma ukurasa mara mbili tu, akanirudishia, na baada ya dakika kumi marehemu alikuwa anatembea uani. Nilimwona akimwigiza mpishi mmoja wa zamani wa shambani aliyekuwa na tabia ya kupuliza maji ya baridi kabla ya kunywa. Binti wa yule mpishi alikuwa hajalia kwa siku tatu. Athumani alipochukua kikombe cha maji na kupuliza, yule binti alicheka, kicheko kikamvunjika katikati kikawa kilio, na mama mkubwa wake akasema, "Alhamdulillahi, sasa ataishi." Nayaandika haya kwa sababu lazima niwe wa haki. Kazi ile ilikuwa na maana, na mimi nilijivunia daftari langu kuliko nilivyojivunia kitu kingine chochote.

Mzee Lukasi aliugua kwa muda mrefu, na sisi tulimsikia akiugua juu ya ukuta usiofika. Alipofariki, watani walijaa. Athumani na wanaume wengine wa Kizigua walikwenda makaburini kuchimba. Uani walibaki wanawake, na mimi, kwa sababu jiko la mafuta lilikuwa limeziba na niliombwa nilizibue. Bi Mwanahawa, mama mmoja wa Kizigua mwenye sauti ya kupita kuta tatu, alimkalia Mama Kulwa karibu kabisa, akampiga bega. "Mama Kulwa we, leo kitanda chote chako! Utajinyoosha kama pweza!"

"Nyie Wazigua mlikuja kuzika au kumaliza wali?" Mama Kulwa akamjibu. Macho yalikuwa yamevimba.

"Wali tutaumaliza na koti lake tutalichukua. Hebu tuambie, hilo dume lenu la Kinyamwezi, mwishoni lilikuwa linakusumbua?"

Mama Kulwa alianza kucheka, na katika kicheko kile akasema jambo. Sitaliandika hapa. Inatosha kujua kwamba lilikuwa la chumbani, la mgonjwa na mkewe, la jinsi mtu mzima anavyotunzwa mwili wake unapomkatalia, na la neno ambalo Mzee Lukasi alimwambia mkewe usiku mmoja katika hali hiyo. Alilisema kwa sauti ya mumewe. Wale wanawake walicheka mpaka Bi Mwanahawa akajilaza kwenye mkeka, kisha wakamshika wote kwa pamoja, wakalia naye, na mtu akamimina kahawa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiko, sindano ya kuzibulia mkononi. Nilipomaliza nilinawa mikono kwa sabuni, nikaingia chumbani, nikaandika kila neno, pamoja na mahali aliposhusha sauti.

Mwezi uliofuata kituo kipya cha redio mjini kilimpa Athumani kipindi cha usiku. Kilikuwa kipindi cha mazungumzo na vichekesho, akialika mgeni mmoja na kupokea simu za wasikilizaji, na alipewa wiki nne za majaribio. Mama Kulwa alifurahi kama mzazi. Aliwaambia wanunuzi wake wote, "Yule kijana wangu wa chumba cha nyuma yuko redioni, msilale." Alinunua betri mpya za redio ya marehemu. Wiki mbili za kwanza Athumani alisimulia vichekesho vya vijiweni ambavyo kila mtu alikuwa amekwisha kuvisikia, na mkuu wa kituo akamwambia kwamba asipoleta kipya, wa kumrithi yupo mlangoni. Alirudi chumbani, akajitupa kitandani na viatu. "Mnyamwezi," aliniambia, "nimekwisha. Nitarudi kuuza mikanda." Nami, kwa moyo safi na kwa majivuno ya mtunza kumbukumbu, nilifungua daftari kwenye ukurasa wa thelathini na moja, nikamwekea mapajani. "Hili hujalisikia," nilimwambia. "Ulikuwa makaburini." Alisoma. Akavuta pumzi ndani, akacheka. "Usitaje jina," nikasema. "Sitaji," akasema.

Nimelifikiria kosa hilo kwa miaka mingi, na naweza kulieleza kwa usahihi. Niliamini kwamba utani uko katika maneno. Niliamini kwamba nikiyaandika maneno bila kukosea, na jina nikiliondoa, nimeuhifadhi utani mzima bila kumdhuru mtu. Daftari langu lilikuwa na mistari sita, na hapakuwa na mstari hata mmoja wa nani aliyeambiwa, na nani aliyekuwa na ruhusa ya kucheka.

Usiku huo nilikuwa kitandani, taa imezimwa. Sikuhitaji redio, ya Mama Kulwa ilitosha, sauti ikipita juu ya ukuta. Athumani alimkaribisha mgeni wake, mwimbaji fulani wa harusi, wakataniana kidogo. Kisha akaanza. Hakutaja jina. Alisema "mama mmoja muuza chapati, nyumba yake ina dirisha la kijani, mumewe kamwacha mwezi jana," na kisha akamwigiza Mzee Lukasi kwa ile sauti aliyoisikia mwenyewe miezi mingi juu ya ukuta huu huu, sauti ya mgonjwa, akalisema lile neno. Yule mwimbaji alicheka hadi akakohoa. Wakapiga na kicheko cha kanda, kicheko cha watu wengi ambao hawakuwepo popote. Upande wa pili wa ukuta nilisikia kitanda kikilia, miguu ikigusa sakafu, kisha kitufe cha redio. Tk. Baada ya hapo sikusikia kitu, na kutokusikia kitu katika nyumba ile, ambamo tulisikia hata kijiko kikiwekwa, kulikuwa jambo zito. Nilitoka nje polepole, nisisikike. Nilikaa chooni mpaka alipoanza kuwika jogoo wa jirani.

Asubuhi Mama Kulwa alifungua dirisha la kijani kama kawaida. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mbeba mizigo mmoja, mtu mzima mwenye watoto. Alinyoosha mkono na chombo chake, akasema lile neno kwa sauti ya Mzee Lukasi, yaani kwa sauti ya Athumani ya Mzee Lukasi, na wenzake nyuma wakapasuka. Mama Kulwa alimpa chapati zake. Wa pili akarudia. Kufikia saa nne, vijana waliopita upande ule wa barabara walikuwa wakilipaza kutoka mbali, bila hata kununua.

Mchana tulikuwa tunakula uani, mimi na Athumani, bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Mama Kulwa alikuja akasimama mbele yetu, mikono bado ina unga.

"Athumani."

"Naam, mama."

"Jana umelisema redioni."

"Aa, mama! Utani huo. Mimi na wewe si watani? Au umeshakuwa Mswahili wa mjini, huna utani tena?"

"Mtani hunikuta uso kwa uso, akinitukana namrudishia. Jana ningekurudishia vipi? Mimi nimelala chumbani kwangu, wewe unaisimulia dunia."

"Ungepiga simu, mama," Athumani alisema. "Laini ziko wazi." Akavuta pumzi ndani, akacheka mdomo ukiwa na chakula. Uzi wa nyama ya papa ulikuwa umemnasa kati ya meno ya mbele. Huo uzi ndio ninaouona kila anapotajwa. Nimewahi kuuona hata nilipotazama picha yake kwenye bango kubwa la tangazo, ingawa bango halikuwa nao. Mama Kulwa alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyomtazama yeye. Halafu akainama, akachukua sahani zetu zikiwa na chakula, akaondoka nazo. Nilidhani ananitazama kama shahidi. Nilisema, "Athumani, umekosa adabu," na nikajiona nimefanya wajibu wangu.

Kabla mwaka haujaisha Mama Kulwa alikuwa ameacha kuuza chapati. Dirisha la kijani lilibaki limefungwa, na baadaye akapangisha nyumba nzima, akahamia kwa binti yake Kulwa kule Pongwe. Athumani hakukaa majaribio hata wiki moja zaidi, walimwajiri, na baada ya muda Dar es Salaam ikamwita. Maisha yake yaliyofuata kila mtu anayajua: kipindi cha televisheni cha usiku, kiti chekundu, koti linalometameta, mawaziri na waimbaji wakikaa mbele yake na kucheka kabla hajasema. Nilikitazama mara chache. Siku moja alimweka mbele yake mzee mmoja mcheza ngoma, akamuuliza habari za mkewe aliyemkimbia, na yule mzee alipoanza kutokwa na machozi, Athumani aliigeukia kamera akavuta pumzi ndani. Nilizima. Aliwahi kunipigia simu, akanitaka niende nikawe mwandishi wake wa vichekesho. "Njoo na madaftari yako, Mnyamwezi," alisema. Nilikataa, na kukataa kule nilikuvaa kifuani kama nishani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimweleza kila aliyenisikiliza kwamba mtu yule ni mchafu. Sikumweleza yeyote daftari lilikuwa la nani. Nilikuwa nalo bado, chini ya sanduku la sindano na bobini.

Nilipofika Usagara walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Nilichelewa, na sitasema kwamba ni kwa sababu ya cherehani. Turubai lilifunika uani mote. Wageni kutoka Dar walikuwa wamekaa na miwani ya jua chini ya kivuli, kila mmoja anarekodiwa na mwenzake akisimulia jinsi marehemu alivyomchekesha. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti alinijia. "Mzee, shikamoo. Tumeambiwa ulikaa naye chumba kimoja. Tupe kituko kimoja cha marehemu, kifupi tu, cha kuchekesha." Nilimtazama kwa kinyaa kilekile. Zaina akanivuta mkono. "Petro, wewe ndiye mtani pekee hapa. Vaa koti lake, sema neno. Mama hajalia wala hajanena tangu jana." Lile koti linalometameta lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Nililigusa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeandika ya watu wakayasema wengine, na sasa sikuwa na la kusema.

Ndipo mtu akapita kando yangu, akalichukua koti. Alikuwa Mama Kulwa. Amezeeka, amekuwa mdogo, mjukuu wake wa kike amemshika kiwiko. Alilivaa lile koti juu ya khanga, mikono ikamfunika vidole. Akavuta viti viwili, akaviweka vikitazamana, akakaa kimoja, akakunja nne. Uani pakaanza kunyamaza. Kijana wa kipaza sauti akainua simu yake kurekodi.

"Shusha hiyo," Mama Kulwa alimwambia. "Wewe kabila gani?"

"Mimi... mzaliwa wa Dar, bibi."

"Basi hujui unachorekodi. Shusha." Akashusha. Wengine wakashusha zao.

Mama Kulwa akakigeukia kiti kitupu. Akavuta pumzi ndani kama mtu anayezama, akaiachia, na wazee wote wa Usagara wakaguna kwa kuwa kilikuwa kicheko chenyewe. "Mabibi na mabwana," akasema, "leo mgeni wetu ni Bwana Athumani bin nani sijui, Mzigua, muuza mikanda isiyofika kiunoni. Karibu, Athumani. Tuambie, huko kaburini kwembamba, umelala chali au ubavu? Mbona hujibu? Wewe si bingwa wa maneno?" Akaweka mkono sikioni akasubiri. "Basi piga simu, baba. Piga simu. Laini ziko wazi."

Mama yake Athumani, bibi wa miaka themanini na kitu aliyekuwa ameketi kama gogo, alitoa sauti. Ilianza kama kikohozi. Alicheka, akajipiga goti, akasema, "Mnyamwezi mchafu wewe!" na machozi yakamtoka, yakaendelea kumtoka, na Zaina akamkumbatia. Mama Kulwa aliendelea kwa muda. Aliyoyasema mengine yalikuwa yao. Alipomaliza alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa mama wa marehemu, wakashikana mikono vikongwe wale wawili.

Kisha akanijia nilipokuwa nimesimama. "Shikamoo, mama," nilisema. "Marahaba." Alikuwa anahema. "Huyu nimemalizana naye. Alinifanyia, nimemfanyia, mama yake kacheka, basi. Lakini wewe, Petro." Alinitazama kama siku ile ya bada. "Siku nilipolisema lile neno, Athumani alikuwa makaburini anachimba. Pale uani mwanamume alikuwa mmoja tu, anazibua jiko."

Nilitaka kuanza kueleza, akainua mkono.

"Wewe ni mtu wa kwetu," alisema. "Wewe sina utani nawe. Siwezi kuvaa koti lako nikakucheka yakaisha. Kwa hiyo utakuja nyumbani, mchana, unieleze kwa maneno ya kawaida." Akamshika mjukuu wake, wakaondoka.

Nilikwenda Pongwe siku tatu baadaye. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kibao. Nilimweleza yote kwa mfuatano: jiko, sabuni, ukurasa wa thelathini na moja, mapaja ya Athumani, miaka ishirini na zaidi ya kumsema Athumani. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliomba daftari, nikampa. Aliligeuza mkononi, akachana kurasa zilizoandikwa, chache chache, akazisokota, akawashia jiko la mkaa, akateleka chai. Kinyaa nilichokuwa nimekibeba kwa ajili ya Athumani kilikuwa bado kipo, ila sasa sikuwa na pa kukiweka zaidi ya pale nilipokuwa nimekaa. Chai ilipochemka alinimiminia. Nikamuuliza, kwa kuwa sikutaka kukosea mara ya pili, kama naweza kuuandika mwaka ule.

Aliliokota lile jalada pamoja na kurasa tupu za mwisho zilizobaki, akanirudishia.

"Andika lako," alisema. "Langu liache."